Maria wa Ilemba na Presha ya Fundi Gaspari

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, siku mkipangiwa kliniki ya presha na sukari mtaonewa wivu. Wenzenu wa wodi ya wazazi watasema mmepata sehemu ya kukaa. Hakuna damu, hakuna kelele, wagonjwa wanakuja kwa miguu yao wakiwa wamenyoosha mashati. Mtapima, mtaandika, mtagawa vidonge, mtasema punguza chumvi. Mimi nilikaa kwenye chumba hicho, katika hospitali moja ya hapa Sumbawanga, mpaka nywele zikabadilika rangi, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba wanaume wengi waliokaa kwenye kiti changu walikuja na swali jingine ambalo hawakuliuliza. Mtu alijibu habari za chumvi. Akajibu habari za mafuta ya kupikia. Akavaa koti lake, akafika mlangoni, akashika kitasa, akasema mvua mwaka huu zimechelewa, akaondoka.

Ukisikia mgonjwa wa presha anazungumzia mvua akiwa ameshika kitasa, mrudishe akae.

Swali lenyewe ni nguvu za kiume. Nalitaja mapema ili tusizungukane. Nasema juu ya mwanaume ambaye mwili wake haumwitikii anapokuwa na mke wake, si kwa siku moja ya uchovu, maana hiyo ni ya watu wote, bali wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi. Nitawaeleza jambo hilo kupitia mtu mmoja na mke wake. Majina nimebadilisha. Wahusika wameniruhusu, mume kwa sharti kwamba niandike kuwa alikuwa fundi mzuri. Alikuwa fundi mzuri.

Aliyenifundisha kuuliza swali hilo ni Tabibu Didas, mzee ambaye sasa ni marehemu. Nilipoanza kazi nilikuwa nawauliza wanaume kama nilivyofundishwa chuoni, uso kwa uso, kwa sauti ya upole, na wote walinijibu kwamba kwao ni salama. Didas aliniambia mwanaume haulizwi jambo hilo akitazamwa. Muulize wakati kitambaa cha mashine ya presha kiko mkononi mwake. Wewe tazama mashine, yeye atatazama ukuta, na maneno yatapita katikati. Kwenye ukuta wetu palikuwa na bango la kuhimiza kunyonyesha maziwa ya mama. Nadhani hakuna wanaume nchi hii waliolisoma bango lile kwa makini kama wanaume wa Ufipa.

Njia ya Didas ina kasoro moja, swali hilo linapandisha presha. Kwa hiyo pima kwanza, ishike namba kichwani, kisha jifanye unapima tena.

Gaspari alikuwa fundi ujenzi, mtu wa mtaa wa Mazwi, jirani yangu na mwanajumuiya mwenzangu kanisani. Alikuwa hajafika hamsini. Presha yake ilikuwa inajulikana na alikuwa ameshaandikiwa vidonge. Siku hiyo nilimfunga kitambaa mkononi, nikapima, nikajifanya napima tena, nikauliza. Gaspari akatazama ukuta. Akasema yeye hana shida, ila ana rafiki yake.

Rafiki huyo alikuwa fundi pia. Alikaa Mazwi pia. Alikuwa na mke na watoto, na tangu mavuno yaliyopita jambo hilo lilikuwa limemkataa. Nikamwuliza kama rafiki yake akiamka alfajiri mwili nao huwa umeamka. Gaspari alifikiri, akasema rafiki yake siku hizi huamka peke yake.

Swali hilo la alfajiri mlishike. Kama mwili huamka wenyewe alfajiri lakini hukataa mbele ya mke, mara nyingi shida iko kwenye mawazo, hofu, ugomvi au uchovu. Kama hauamki hata alfajiri, anza kutafuta kwenye damu na mishipa. Si kipimo cha mwisho, lakini kinakuonyesha uanzie wapi. Nikamwuliza kama rafiki yake anakunywa maji sana na kutoka nje mara nyingi usiku. Akasema rafiki yake hata usingizi hapati kwa kutoka. Nikamwambia amlete rafiki huyo kesho yake asubuhi kabla hajala chochote, tumpime sukari, kisha aonane na daktari. Na kama anakunywa vidonge vya presha, asiache hata kimoja.

Gaspari akanishukuru kwa niaba ya rafiki yake. Hakuna aliyekuja, si rafiki wala Gaspari. Nilimpigia simu. Alipokea, akaniambia mtandao unasumbua, hanisikii. Mimi nilikuwa namsikia vizuri, na nyuma yake nilikuwa nasikia koleo likichanganya zege.

Yaliyotokea baadaye niliyapata vipande vipande. Kazini kwao mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba vidonge vya presha ndivyo vinavyowamaliza wanaume. Maneno hayo si uongo mtupu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Zipo dawa za presha zinazoweza kumsumbua mwanaume upande huo. Lakini dawa hizo ziko za aina nyingi na daktari anaweza kubadilisha, wakati presha isiyotibiwa inaharibu mishipa yenyewe, na mishipa haina aina nyingine ya kubadilisha. Gaspari hakuuliza. Alivitupa vidonge vyake kwenye shimo la choo alichokuwa anajenga.

Kisha akajitibu. Alitafuna muhogo mbichi na karanga mbichi. Alinunua unga kwenye vipakiti vya nailoni, ule unaouzwa kwa kunong'ona karibu na stendi. Akawa na wazo pia kwamba kuna fundi mwenzake amemfanyia jambo kwa sababu ya kugombea kazi. Kwetu Ufipa mtu akikosa maelezo ya kitu, maelezo yapo tayari kwa jirani. Mwisho akapata kazi ya kujenga ghala la mpunga Ilemba, akaichukua bila hata kuulizia masharti yake. Alichokuwa anataka ni kulala mbali na nyumbani.

Mke wake, Yasinta, alivumilia mpaka Juni. Halafu akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Apolinari, mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo. Tukaitwa nyumbani kwake Jumapili baada ya misa. Walikuwepo wazee wa jumuiya, wanandoa wenyewe, nami kama mshauri wa akina mama. Tulisalimiana Tumsifu Yesu Kristo, tukajibu Milele amina, tukakaa.

Yasinta alieleza taratibu. Alisema Ilemba ni bondeni, kushuka ule mteremko mrefu, lakini si mbali kiasi cha mtu kushindwa kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mwanzoni mume wake alikuwa anarudi. Sasa anarudi kwa nadra, na akirudi analala kwenye kochi sebuleni. Mzee mmoja akauliza sababu ya kochi. Yasinta akasema mume wake anadai chumbani kuna joto. Wote mle ndani tulikuwa tumevaa masweta, na Mzee Apolinari alikuwa amejifunika blanketi miguuni.

Mzee Apolinari akamgeukia Gaspari, akamwuliza kama huko Ilemba kuna mwanamke.

Gaspari alinitazama mimi. Nilikuwa mtu pekee mle ndani ninayemfahamu yule rafiki yake, naye alilijua hilo. Lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata mkiwa jumuiya moja, hata mke wake akiwa amekaa ubavuni mwako. Niliinamisha macho nikatazama vidole vyangu.

"Yupo," akasema.

Nimekaa na watu wengi wakati wanapokea habari mbaya au wanazitoa. Sikuwahi kumwona mtu anajibebesha dhambi kwa uso wa mtu aliyepata nafuu. Mabega yake yalishuka, akapumua. Nilimwelewa. Mwanamke wa nje ni kosa ambalo wazee wanalijua, lina maswali yake, lina adhabu yake, likiisha limeisha. Lile jingine hakujua lingeanzia wapi wala lingeishia wapi.

Wakamwuliza jina la mwanamke. Hakuwa amejiandaa. Alizungusha macho ukutani kwa Mzee Apolinari, yakafika kwenye picha ya Bikira Maria, akasema anaitwa Maria.

Yasinta hakulia. Aliuliza swali moja. "Anakupikia nini?"

"Wali," akasema Gaspari.

Hapo ndipo nilipoona Yasinta anaumia. Mwanamke huyu alikuwa analima mahindi na ulezi kijijini kwao Pito tangu walipooana, na ugali wake wa ulezi mume huyuhuyu alikuwa anausifia mbele za watu. Aliufunga mtandio wake upya.

Wazee wakaamua kwamba Gaspari aachane na Maria, na kwamba kama malipizi apige lipu ukuta wa kanisa la kigango, ambao ulikuwa umesubiri fundi kwa muda mrefu. Gaspari akakubali yote. Alikubali kuachana na Maria kwa wepesi uliowashangaza wazee, mmoja wao akasema huenda mwanamke mwenyewe si mzuri. Kesho yake asubuhi Gaspari akarudi Ilemba, kwa maelezo kwamba anakwenda kumalizana naye.

Jioni hiyo Yasinta alikuja kwangu. Alikuwa ameshaanza kukusanya nguo za watoto. Alisema anahamia Pito kwa kaka zake, atalima, atalea watoto, na Gaspari akitaka kula wali anajua pa kwenda. Alizungumza bila kupandisha sauti, na mtu anayezungumza hivyo huwa ameshaamua. Kisha akaniuliza kama mimi, ninayeonana na watu wengi kule hospitali, niliwahi kumsikia huyo Maria.

Nikamwambia sijawahi kumsikia. Nilikuwa nasema kweli, na nilijisikia mwongo.

Mtafika mahali kama hapo, wanangu. Unajua kitu ambacho kingemwokoa mtu, na huruhusiwi kukitoa kwa sababu si chako. Msikimbilie kukitoa. Gaspari angejua siri yake imetoka chumbani mwangu, asingerudi tena hospitali, na wanaume wa Mazwi wote wasingerudi. Lakini msikae tu pia. Tafuteni lile mnaloruhusiwa kusema. Nililitafuta huku Yasinta anakunywa chai, na nilipolipata nikalisema.

"Kabla hujafunga mizigo, nenda Ilemba ukamwone huyo Maria kwa macho yako."

Yasinta akadhani namchochea akapigane. Alinitazama kwa heshima mpya. Asubuhi niliona anapita kwenda stendi amevaa raba.

Alifika Ilemba mchana, jua la bondeni likiwa kali. Hakwenda moja kwa moja kwa mume wake. Aliwauliza wanawake barabarani kama wanamjua Maria wa fundi Gaspari. Maria walikuwepo wa kutosha. Mmoja alikuwa bibi kizee asiyeona. Mwingine alikuwa bado shule ya msingi. Mwingine alikuwa mke wa katekista, na huyo alimsindikiza njia nzima akimwombea. Hakuna aliyemjua Maria wa fundi.

Karibu na ghala palikuwa na mama ntilie. Yasinta akakaa, akaagiza chai, akamwuliza kwa mbali. Mama ntilie akasema fundi huyo anakula hapohapo kila siku, peke yake, ugali na dagaa, na anakunywa maji kama mtu anayemwagilia bustani. Wanawake wakimsalimia anajibu akiwa anatazama chini. Yasinta akauliza kuhusu wali. Mama ntilie akasema tangu afike hajawahi kuagiza wali. Yasinta aliniambia alibaki amekaa hapo mpaka chai ikapoa.

Alimkuta Gaspari amekaa kwenye kivuli cha ukuta ambao haujaisha. Saidia fundi mmoja alikuwa anampepea kwa mfuko mtupu wa saruji. Gaspari alikuwa juu ya jukwaa, akaona giza, akawahi kushika mti, wenzake wakamteremsha. Kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yalikuwa hayaoni vizuri. Kama mkono ule alioushikia mti ungekuwa na mwiko, mke wake angemkuta ameanguka chini ya jukwaa.

Wakampeleka kwenye chumba alichokuwa analala. Yasinta alikagua chumba kile kwa macho ya mtu aliyesafiri kwa ajili hiyo. Alikuwa anatafuta kanga, kitana, mafuta ya nywele. Aliona godoro moja jembamba, sahani moja, kikombe kimoja, mihogo mibichi kwenye ndoo, na vipakiti vya nailoni vyenye unga.

"Maria yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna Maria."

Yasinta aliniambia alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Kama yupo mwanamke, anajua la kumfanya. Kama hayupo, hakujua la kufanya. Akamwuliza sasa kwa nini amewaambia wazee yupo.

Gaspari akageukia ukutani, akamweleza. Alimweleza kwa Kifipa. Nyumbani walikuwa wanachanganya lugha, lakini hilo alilisema lote kwa Kifipa. Nilipomwuliza baadaye sababu, alisema kwa Kiswahili maneno yote ya jambo hilo ameyasikia kwenye vichekesho vya kazini, hakupata hata neno moja ambalo hakuwahi kulicheka mwenyewe.

Yasinta akasema, "Mimi nilidhani umenichoka."

Gaspari akageuka kumtazama. Aliniapia kwamba katika miezi yote ile halikuwahi kumpitia kichwani kwamba mke wake naye anawaza kitu. Alidhani jambo ni la kwake peke yake, kama jino. Kumbe mwenzake alikuwa analala kitandani kila siku akijikagua, akijiuliza kama amezeeka, kama ameharibika, kama ananuka moshi wa jikoni. Hili, wanangu, nimelisikia kwa wake wengi. Mume ananyamaza ili asiaibike, na mke anausikia ukimya ule kama hukumu yake.

Baada ya hapo Yasinta alikasirika, na alikuwa na haki. Alimgombeza mpaka kwenye gari, na gari likapanda mteremko wote akimgombeza, kwa habari ya wazee, kwa habari ya kochi, na zaidi kwa habari ya wali. Gaspari alisema kichwa kilikuwa kinamuuma sana lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Walikuja moja kwa moja kliniki. Nikawakaribisha, wakaniamkia shikamoo, nikaitikia. Gaspari akakaa kwenye kiti, akatazama bango la kunyonyesha.

"Sista," akasema, "yule rafiki yangu ni mimi."

Nikamwambia nimefurahi kufahamiana naye.

Presha ilikuwa juu kiasi kwamba daktari hakumruhusu kurudi nyumbani, akalazwa. Sukari nayo ilikuwa juu. Inaelekea alikuwa ameishi nayo muda mrefu bila kujua, akidhani kiu ni ya kazi ya jua. Daktari wetu alikuwa kijana asiye na haraka wala aibu. Alivuta kiti, akawaeleza wote wawili kwamba mishipa ya huko ni myembamba, kwa hiyo sukari, presha na sigara vikianza kuharibu mishipa, mara nyingi huko ndiko huonekana kwanza, kabla ya moyo na kabla ya ubongo. Alimwambia Gaspari kwamba mwili wake ulikuwa unampa taarifa mapema, na yeye akaichukua taarifa akaikimbizia Ilemba.

Akauliza kama kuna dawa nyingine aliyotumia. Yasinta akautoa ule unga kwenye mkoba wake. Daktari akasema hajui kilichomo, na aliyeuza hajui, na hapo ndipo ubaya ulipo. Baadhi ya vitu hivyo huchanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, kwa kipimo cha mkono. Mtu anayetumia dawa za maumivu ya kifua akivitumia, presha inaweza kushuka ghafla akafa. Vidonge halali vipo na vinasaidia watu wengi, lakini vinaandikwa baada ya daktari kuukagua moyo na kujua dawa nyingine unazokunywa. Havinunuliwi kwa kunong'ona.

Gaspari akachangamka kusikia vidonge vipo. Daktari akamwambia tutafika huko. Kwanza sukari na presha vishuke. Akambadilishia aina ya dawa ya presha. Akamwambia aache sigara, apunguze pombe, apunguze ugali kwenye sahani na kuongeza mboga, atembee. Gaspari akasema anatembea kutwa nzima juu ya jukwaa. Daktari akamwambia atembee chini.

Jambo la mwisho liliwashangaza. Aliwaambia warudi kitandani, walale pamoja, washikane, wazungumze, lakini kwa muda wasilitafute lile jambo kabisa. Hofu nayo inakata mawasiliano. Mwanaume aliyeshindwa mara kadhaa anaingia chumbani kama anaingia kwenye mtihani, na mwili wa mtu anayefanya mtihani una kazi nyingine. Yasinta akauliza mpaka lini. Daktari akasema mpaka watakapoacha kukagua.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Sigara zilimshinda Gaspari kwa muda mrefu, Yasinta alikuwa anamfuata kwa harufu. Sukari ilipanda na kushuka. Kuna mwezi alikata tamaa akasema bora angeendelea na Maria. Lakini vidonge alikunywa, kliniki alikuja, na baada ya mavuno siku moja nilikuwa nampima, naye anatazama ukuta, akasema bila kuulizwa, "Sista, jengo limesimama, ila bado lipu."

Nikaandika: anaendelea vizuri.

Haikuwa tena kama ujanani. Kuna siku alihitaji kidonge cha daktari, kuna siku hakukihitaji, na kuna siku haikuwa. Siku ambayo haikuwa, walipiga soga. Yasinta aliniambia hizo soga hawakuwa nazo hata walipooana.

Lipu ya kigango aliipiga, tena vizuri. Mzee Apolinari alikuwa anamtolea mfano kwa vijana wanaotaka kuoa, kwamba huyu aliacha mwanamke wa nje kwa siku moja na hakurudi nyuma. Gaspari alikuwa anasikiliza akiwa amenyooka. Nilimwuliza Yasinta kama hawataki kuwaambia wazee ukweli. Alisema hapana, wamwache Maria alipo, hali chakula chake wala halali nyumbani kwake.

Na ninyi wa kiume mnaosoma haya mkiwa bado vijana, mkidhani ni habari za watu wazima. Kapimeni presha na sukari mkiwa hamuumwi popote. Sigara mnayovuta leo ili muonekane wanaume itakuja kudai uanaume huohuo. Laleni usingizi. Msinunue dawa za matangazo yanayotumwa kwenye simu na mtu ambaye hamjawahi kumwona. Na siku mwili ukikataa, mara moja au mbili, usihamie Ilemba. Mwambie mwenzako, kwa lugha yoyote utakayoipata.

Nimalizie na siku moja ya kliniki, karibu na kustaafu kwangu. Ilikuwa siku ya wanaume, ukumbi umejaa. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu kwamba baada ya kugawa dawa nasimama, nasema mwenye swali jingine, la aina yoyote, abaki. Nilisema hivyo kwa miaka mingi na ukumbi ulikuwa unabaki mtupu kila mara, watu wanatoka wakisukumana kama wanaitwa nje.

Siku hiyo Gaspari alikuwa ameshapewa dawa zake, hana tatizo, Yasinta anamsubiri. Nikatangaza. Wanaume wakaanza kutoka. Gaspari alifika mlangoni na mke wake, akasimama, akawatazama wenzake wanavyotoka. Kisha akageuka, akarudi, akakaa kwenye benchi la mbele, katikati, mahali ambapo hakuna anayeweza kutomwona. Yasinta akakaa pembeni yake, akatoa chungwa kwenye mkoba, akaanza kulimenya.

Nikamwuliza kama amesahau kitu.

"Hapana, Sista," akasema, kwa sauti ya fundi anayezungumza na mtu aliye juu ya jukwaa. "Nimebaki kwa ajili ya lile swali la nguvu za kiume."

Mlangoni watu wakapunguza mwendo. Mmoja akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Ukumbini ikasikika sauti ya ganda la chungwa likichanwa. Gaspari hakugeuka nyuma. Nilimwona masikio yamemwiva, lakini alikaa.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mzee Apolinari. Alikuwa ameshavaa kofia na mkongojo wake uko nje ya kizingiti. Alirudi polepole, akakaa benchi lilelile, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Gaspari. Hawakutazamana. Yasinta aligawanya chungwa, akampa mume wake kipande, akampa mzee kipande kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama inavyotakiwa. Mzee akapokea, akala.

Kisha akarudi yule wa kandambili. Kisha wawili pamoja, kila mmoja akidai anamsindikiza mwenzake. Nilipokwenda kufungua mlango wa chumba cha daktari, benchi lilikuwa limejaa.

Nikamwita Mzee Apolinari kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.